Geji ya presha ya mafuta kwenye gari la mazao: waya uingie kebini, petroli ibaki nje

Hapa tumezoea kuongea mbegu, mbolea na viuatilifu, lakini leo tunaongea gari. Kwa anayelima kibiashara, gari ni sehemu ya shamba. Nyanya iliyovunwa asubuhi ina saa zake za kuishi, na mnunuzi sokoni hajali kwamba gari lilikugomea njiani. Anachoangalia ni mzigo umefika ukiwa katika hali gani.

Malalamiko ya vijana wenye Kirikuu, pickup na Noah za kubebea mazao yanafanana sana. Gari linawaka vizuri, kwenye tambarare linakimbia, lakini likipata mzigo na kilima linakosa nguvu, linamisi, mwisho linazima. Fundi wa kwanza anabadilisha plagi. Wa pili anabadilisha koili. Wa tatu anakuuzia pampu ya mafuta. Hela ya mbolea ya kukuzia inaishia gereji na tatizo liko palepale. Ndiyo maana siku hizi wengi wanaulizia ile geji ndogo ya presha ya mafuta inayofungwa kwenye dashibodi, ili waache kubahatisha.

Wazo si baya. Ila ujue kwamba geji hii inaunganishwa na bomba la petroli lenye presha, karibu na injini ya moto, kwenye chombo ulichokalia wewe mwenyewe. Ikifungwa ovyo, kifaa ulichonunua ili kuokoa mzigo kinaweza kuunguza gari, mzigo na dereva. Soma makala hii yote kabla hujampa fundi kazi, hata kama hutashika spana wewe mwenyewe. Ukijua kinachotakiwa, utajua pia cha kukataa.

Geji inakuambia nini

Ukiwa na umwagiliaji wa matone, somo hili unalijua tayari. Mfumo mzuri wa matone una geji mbili, moja kabla ya chujio na nyingine baada yake. Geji ya pili ikianza kushuka huku ya kwanza imesimama palepale, husemi pampu imekufa. Unafungua chujio na kukiosha.

Kwenye gari la petroli la kisasa ni hivyohivyo. Pampu imezama ndani ya tenki. Inasukuma petroli kupitia chujio hadi kwenye bomba dogo lililo juu ya injini, ambalo mafundi huliita reli, na kutoka hapo nozeli zinanyunyiza mafuta kwa kila silinda. Nozeli zinategemea presha iliyo thabiti. Presha ikishuka, mafuta yanayonyunyizwa yanapungua na injini inakosa nguvu, hasa ikiwa na mzigo, kwa sababu hapo ndipo inapohitaji mafuta mengi zaidi.

Fikiria umepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni na unapandisha Kitonga kwenda Iringa. Chujio lililoziba nusu halikusumbui ukiwa bondeni. Katikati ya kona za mlima linakuangusha, na nyuma yako kuna malori. Geji ingekuonyesha presha inaanza kulegea mapema, safari mbili tatu kabla ya kuzimikiwa.

Kwanza pima, ndipo uamue kufunga

Hapa nitawapunguzia baadhi yenu gharama. Si kila gari linahitaji geji ya kudumu. Mafundi wengi wa mfumo wa mafuta wana geji ya kupimia, yenye mpira wake na viungio vyake. Inaunganishwa kwa muda, presha inapimwa, inatolewa. Kama gari lako lina tatizo leo, anza na hiyo. Mlipe fundi ujira wa kupima kabla hujamlipa gharama ya spea.

Geji ya kudumu ina maana kama gari linabeba mzigo mzito mara kwa mara, njia zako zina milima, au unajaza mafuta sehemu ambazo huna uhakika nazo. Mafuta yaliyochakachuliwa na tenki lenye uchafu ni adui wa chujio na pampu, na geji inakuonyesha dalili mapema. Kama gari ni la kutoka nyumbani hadi shambani kilomita tano, hela hiyo inunulie chujio jipya na mipira mipya ya mafuta. Hutajuta.

Jua injini yako kabla ya kwenda dukani

Maelekezo ya makala hii ni kwa injini za petroli za kawaida zenye nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta kwenye njia ya hewa kabla ya silinda. Nyingi kati ya hizo hufanya kazi kwenye presha ya kati ya bar 2.5 na bar 4. Namba kamili ya injini yako iko kwenye kitabu cha ufundi cha gari, na fundi mzuri anaweza kukutafutia. Usikubali namba ya kukisia, maana ndiyo utakayoitumia kusema gari ni zima au bovu.

Vipimo visikuchanganye. Bar 1 ni sawa na kPa 100, na ni takribani psi 14.5. Kwa hiyo bar 3 ni kPa 300, au psi 43 na kidogo. Kwa injini hizi nunua geji inayosoma kuanzia 0 hadi bar 7, yaani psi 100. Geji ya psi 15 ni ya magari ya kabureta. Ukiifunga kwenye injini ya nozeli utaiua siku hiyohiyo.

Kuna injini ambazo ni lazima uziache:

- Dizeli za komoni reli. Upande wa presha kubwa unapita bar 1,000. Mafuta yakichomoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano. Jeraha linaweza kuonekana dogo, kumbe mafuta yameingia ndani ya nyama, na hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali mara moja. Usiguse bomba lolote kati ya pampu kubwa na nozeli, na usitafute uvujaji kwa kupapasa na kidole.
- Petroli zinazonyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda. Mfano ni injini ya Toyota 1AZ-FSE, maarufu kama D-4, iliyofungwa kwenye Noah na Voxy. Ina pampu ya pili juu ya injini inayopandisha presha mara nyingi zaidi. Geji ya kawaida haifai kabisa upande huo.
- Pampu za umwagiliaji na pawatila za petroli. Nyingi zinapata mafuta kwa kushuka tu kutoka kwenye tenki hadi kwenye kabureta. Hakuna presha ya kupima hapo, hela yako iache mfukoni.

Kanuni moja isiyovunjwa

Sokoni kuna geji za aina mbili. Ya kwanza ni ya mafuta moja kwa moja: petroli yenyewe inapanda kwenye kibomba hadi ndani ya geji na kusukuma mshale. Ya pili ni ya umeme: sensa inafungwa kule kwenye bomba la mafuta, na kinachokuja kwenye dashibodi ni waya tu.

Kanuni ni hii: petroli isiingie kebini, kwa namna yoyote. Geji ya aina ya kwanza inakaa upande wa injini peke yake, na utaisoma gari likiwa limesimama na boneti limefunguliwa. Ukitaka kusoma ukiwa unaendesha, nunua ya umeme. Ukikuta fundi anapitisha kibomba cha petroli kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kebini, halafu anakipandisha mpaka juu ya usukani, msimamishe. Kibomba kile kikipasuka kitakumwagia petroli mapajani, na wewe uko spidi 80.

Wenye Kirikuu mnisikilize zaidi. Kwenye Suzuki Carry na Daihatsu Hijet za mizigo, injini iko chini ya viti. Mfuniko unaoutoa ili kufika kwenye injini uko ndani ya kebini yenyewe. Maana yake ni kwamba uvujaji wowote hapo unatoa mvuke chini ya mwili wako. Kwa gari la namna hii, kama hakuna sehemu nzuri ya kufunga sensa mbali na injini, kwenye bomba linalopita chini ya fremu, bora uishie kwenye geji ya kupimia tu.

Vifaa, na pale usipobana matumizi

Geji yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Gari huungua kwa sababu ya viungio na mipira. Andaa vifuatavyo:

1. Geji ya umeme, sensa yake na waya zake, seti moja kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Sensa ya kampuni moja na geji ya nyingine hutoa namba za uongo.
2. Kiungio cha T kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta, saizi ya bomba lako. Cha maji cha duka la vifaa vya ujenzi hakifai, hata kama kinaingia.
3. Mpira wa mafuta ulioandikwa SAE 30R9. Huu ni wa mifumo ya nozeli. Ulioandikwa 30R7 ni wa presha ndogo za kabureta. Mpira usio na maandishi yoyote mrudishie muuzaji, na mpira wa gesi au wa maji usiuzungumzie kabisa.
4. Klampu za mfumo wa nozeli, zile zenye utepe laini ndani na kingo zilizopinda kwenda nje. Klampu zenye matundu kwenye utepe zinakata mpira taratibu.
5. Gundi ya maji ya thredi inayostahimili petroli. Tepu nyeupe ya mafundi bomba iache. Vipande vyake vikimeguka vinaingia kwenye nozeli na kuziba, na kwenye sensa inayopata athi kupitia mwili wake, tepu inaweza kukata njia ya umeme.
6. Fyuzi na kishikio chake, raba ya kulinda waya kwenye tundu la bati, na vishikizo vya plastiki vya kufungia waya.
7. Mtungi wa kuzimia moto wa poda. Si ule ulioutupa chini ya kiti ili trafiki asikusumbue. Uangalie: mtungi nao una geji, na mshale uwe kwenye kijani.

Kuhusu thredi, kuna mtego. Sensa nyingi ni 1/8 NPT, na kuna thredi nyingine, 1/8 BSPT, inayofanana nayo sana kwa macho. NPT ina meno 27 kwa inchi, BSPT ina 28. Zikichanganywa zitaingia mizunguko miwili mitatu na kukaza, utadhani kazi imeisha, kumbe zinavuja. Nunua T na sensa pamoja, uzifunge kwa mkono ukiwa palepale kaunta.

Kuandaa gari na eneo

Mvuke wa petroli unawaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye joto letu uko tayari muda wote. Pia ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea, unatambaa chini na kujaa kwenye mashimo na pembe. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Lita moja iliyomwagika chini ya Kirikuu inafuata sheria ileile.

Kwa hiyo:

- Fanya kazi nje, mahali penye hewa, mchana. Usifanye kwenye shimo la gereji wala ndani ya banda la pembejeo.
- Hakikisha hakuna jiko la mkaa, mama lishe, sigara, mashine ya kuchomelea wala jenereta inayofanya kazi karibu. Simu iache kwenye nyumba.
- Subiri injini ipoe kabisa. Ekzosi ya moto inatosha kuwasha petroli.
- Vaa miwani ya kinga, ileile unayovaa ukipulizia dawa. Petroli ikikuingia machoni osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya.
- Awepo mtu wa pili, amesimama karibu na mtungi, na anajua kuutumia. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji, maji yanausambaza.

Kutoa presha kwenye bomba

Hata gari likizimwa, petroli iliyo kwenye bomba inaendelea kuwa na presha, wakati mwingine kwa saa nyingi. Ukilegeza nati hapo itakurukia usoni.

Chomoa plagi ya umeme ya pampu ya mafuta, ambayo kwenye magari mengi iko juu ya tenki au chini ya kiti cha nyuma, au chomoa rilei ya pampu. Washa injini. Itanguruma sekunde chache na kuzima kwa kukosa mafuta. Jaribu kuwasha mara moja tena kwa sekunde tatu hivi. Angalizo: kwenye baadhi ya magari, fyuzi inayoonekana kuwa ya pampu inalisha pia kompyuta ya injini. Ukiitoa, injini inazima papo hapo na presha inabaki ndani. Kama injini ilikata ghafla bila kukohoa, usijidanganye kwamba presha imetoka.

Kisha fungua mfuniko wa tenki kutoa hewa, uurudishe, na uondoe waya hasi wa betri. Hapo ndipo spana inaruhusiwa kugusa bomba. Funika kiungio kwa kitambaa kikavu na ukilegeze polepole, maana petroli kidogo itatoka tu. Kitambaa kilicholoa kipeleke mbali, ukianike nje peupe, usikitupie kwenye kebini.

Kufunga, hatua kwa hatua

Sehemu nzuri ya kuchukulia presha ni baada ya chujio na kabla ya reli, mbali na ekzosi, mbali na alteneta na mbali na feni. Kama gari lako lina bomba la plastiki gumu lenye viungio vya kubofya, usilikate na kulivalisha mpira na klampu. Plastiki ile ni laini kwa nje, mpira unateleza. Tafuta kiungio cha kubofya kinacholingana nacho, na ukikosa, acha kazi mpaka ukipate.

Kama kiungio cha gari lako ni cha boliti lenye tundu, lile lenye washa za shaba au aluminiamu pande mbili, washa hizo ni za kutumia mara moja. Weka mpya.

Usiache sensa ikining'inia kwenye T. Sensa ni nzito, na barabara zetu za vumbi zina matuta ya mfululizo. Mtikisiko huo utakata shingo ya kiungio. Funga sensa kwenye bodi au fremu kwa kishikio chake, halafu iunganishe na T kwa mpira mfupi wenye nyavu za chuma uliotengenezwa kwa petroli. Kama sensa yako inatumia athi ya mwili wake, ipeleke waya wa athi.

Paka gundi kwenye thredi, ukiacha meno mawili ya mwanzo yakiwa makavu ili isiingie ndani ya bomba. Kaza kwa kiasi. T nyingi ni za aluminiamu au shaba nyeupe, ukikaza kama nati ya tairi zinapasuka. Iache gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa.

Waya za umeme ndizo mwanzo wa cheche. Moto wa geji uchukue kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu, na uweke fyuzi karibu na pale unapouchukulia, ya saizi aliyosema mtengenezaji. Usiunganishe kwa kuchuna waya na kusokota na tepu. Usiuibe moto kwenye waya wa pampu ya mafuta, kwa sababu utaipunguzia pampu umeme na kuharibu hichohicho unachotaka kupima. Mahali waya unapopita kwenye bati, weka raba. Waya usipite sambamba na bomba la mafuta wala usifungwe juu yake.

Kupima uvujaji kabla ya kuondoka

Rudisha plagi ya pampu na waya wa betri. Usiwashe injini. Zungusha ufunguo mpaka ON. Kwenye magari mengi utasikia pampu ikinguruma kama sekunde mbili na kunyamaza. Zima. Rudia mara tatu au nne ili presha ijae, huku mwenzako akiangalia kila kiungio kwa tochi. Pitisha karatasi nyeupe kavu chini ya kiungio. Ikiloa, hata tone moja, zima, toa presha upya, rekebisha. Hakuna uvujaji mdogo kwenye petroli.

Kukiwa kukavu, washa injini, iache sailensa dakika kumi, kagua tena. Halafu zunguka karibu na nyumbani bila mzigo, urudi, ukague injini ikiwa ya moto, maana vyuma vikipata joto vinatanuka. Rudia ukaguzi baada ya safari ya kwanza yenye mzigo na baada ya wiki moja. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari siku yoyote, simama, zima, shusha watu. Usiwashe tena mpaka ujue inatoka wapi.

Kusoma namba na kuziandika

Geji bila rekodi ni pambo. Daftari lile unaloandika siku ya kupanda na siku ya kupulizia, tenga ukurasa wa gari. Andika namba nne gari likiwa zima: ufunguo ON kabla ya kuwasha, sailensa, kilima na mzigo, na dakika kumi baada ya kuzima. Namba hizo ndizo kipimo chako. Baadaye ukiona mabadiliko, mwongozo ni huu:

- Presha ni nzuri sailensa, inashuka kwenye kilima na mzigo. Anza na chujio. Likiwa jipya na hali ni ileile, pampu imechoka au haipati umeme wa kutosha.
- Presha iko chini muda wote. Kabla ya kununua pampu, pima umeme unaofika kwenye plagi yake. Waya uliooza au rilei iliyoungua hufanya pampu nzima ionekane mbovu, na hii ndiyo pampu nyingi zinatupwa bure.
- Presha inaporomoka mara tu ukizima. Kuna nozeli inayovuja, au vali ya kuzuia mafuta yasirudi tenki imekufa. Dalili yake nyingine ni gari kuwa gumu kuwaka asubuhi.
- Presha iko juu kuliko kawaida. Bomba la kurudisha mafuta limebanwa, au kidhibiti presha kimegoma. Gari linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi.
- Presha haibadiliki kabisa, lakini gari bado halina nguvu. Hii nayo ni habari njema. Mfumo wa mafuta umejitetea. Sasa mfuate fundi kwenye plagi, koili na hewa, na pampu yako usiiuze.

Kwenye magari ambayo kidhibiti presha kiko juu ya reli na kina kibomba kidogo cha hewa, ni kawaida presha ya sailensa kuwa chini kwa takribani nusu bar, kisha kupanda ukikanyaga. Ukichomoa kibomba hicho ukakuta kina petroli ndani, kidhibiti kimetoboka, kibadilishe mapema.

Kama fundi ndiye anafunga

Mwambie kabla ya kuanza mambo manne: sensa ya umeme, mpira wenye maandishi, presha itolewe kwanza, na ukaguzi wa uvujaji ufanyike mbele yako. Fundi anayeijua kazi hataona unamfundisha. Anayekujibu "hiyo tunafungaga tu, haina shida" mshukuru, mnunulie chai ukitaka, na upeleke gari kwingine. Soma pia mkataba wako wa bima au uliza wakala, ujue wanasemaje kuhusu kifaa kilichoongezwa kwenye mfumo wa mafuta.

Msimu wa mavuno unakuja na haraka zake. Kazi hii ifanyike kabla, shamba likiwa limetulia, usisubiri usiku wa kuamkia soko huku kreti zimeshapakiwa na mtu ameshika tochi ya simu juu ya bomba lililo wazi. Ukiona muda hautoshi, kodi gari, peleka mzigo, geji itasubiri.

Kazi njema, na mizigo yenu ifike salama. Tukutane kwenye makala ijayo.